Aliyemvika Mzee Barto Shanga

Angelina, ambaye hapa Karatu tunamwita Mama Sabina kwa jina la binti yake, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyesomea majanga ambayo bado hayajatokea. Aliyasomea siku mbili mjini Arusha, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, akarudi na cheti, kalamu ya bure na mkoba wa kitambaa wenye nembo. Alipoondoka alikuwa mpokea wageni. Aliporudi alikuwa Afisa Uhusiano na Majanga ya Mitandao. Mshahara ulibaki uleule wa mpokea wageni, lakini cheo kilikuwa kirefu kiasi kwamba hakikuenea kwenye beji yake.

Mimi nafua. Naitwa Cresensia, au Mama Ema, ni mkuu wa dobi katika lodge hiyohiyo, iliyo kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Jina la lodge silitaji kwa sababu kesho nina zamu. Habari za Mama Sabina nazisimulia kwa kuwa watu wengi wamezisikia nusu, na nusu waliyoisikia ni ile ya kuchekesha.

Kazi ya kwanza ya afisa wetu mpya ilikuwa kuandika Mpango wa Dharura ya Mitandao. Ulikuwa na kurasa arobaini na moja, ndani ya faili la kijani ambalo alitembea nalo hata akienda chooni. Majanga aliyagawa kwa rangi. Kijani ni pale mgeni mmoja anapoandika kwamba supu ilikuwa ya baridi. Njano ni pale watu hamsini wanapokubaliana naye kuhusu supu ambayo hawakuinywa. Nyekundu ni pale watu ambao hawajui kama Karatu ni mji au ni ugonjwa wanapotaka lodge ifungwe kabla ya jioni.

Kila rangi ilikuwa na maneno yake. Neno "samahani" lilipigwa marufuku ukurasa wa tatu, kwa maelezo kwamba anayesema samahani amekiri. Badala yake tulitakiwa kusema, "Tunasikitika iwapo kuna yeyote aliyejisikia vibaya." Sentensi hiyo ningemwambia marehemu mama yangu siku nilipovunja chungu chake, leo nisingekuwa na meno ya kusimulia. Lakini sisi tuliikariri wote, wapishi, madereva na wafua nguo, tukiwa tumesimama mstari mmoja mbele ya mashine zangu, kama watoto wa darasa la pili.

Nisimseme vibaya tu. Mume wake alikufa binti yao akiwa darasa la nne, na tangu hapo Mama Sabina amemsomesha peke yake mpaka sasa yuko kidato cha sita. Nyumba yake ina vyumba vinne, viwili vyenye bati na viwili vyenye anga. Nilipolazwa hospitali ya Wasso, kule Loliondo, baada ya kuugulia safarini, ndiye aliyepanda basi la siku nzima kwenye vumbi lile kuniletea uji, na njia nzima ya kurudi alinisema kwa nini niliugua mbali. Ni mtu mwema. Tatizo lake ni kwamba alikuwa amepewa cheti.

Sasa Mzee Barto. Bartolomeo ni mtu wa kwetu Mbulumbulu, Mwiraqw wa kuzaliwa, au Mmbulu kama wengine wanavyotuita, mkulima wa karoti na vitunguu saumu, na pale lodge alikuwa akitunza bustani ya mboga. Ana masharubu ya kijivu, kimo cha kutosha, na sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Kwenye kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, yeye ni mwenyekiti, na Jumapili baada ya ibada ndiye anayenadi mazao ambayo waumini wameleta sadaka, kwa kuwa padri hutufikia mara mbili kwa mwezi na kuku hawawezi kumsubiri. Miaka kumi na mitatu amenadi kuku, mayai na maboga ya watu. Hakuna daftari wala risiti. Unampa kikapu chako, unakwenda kukaa.

Miaka minane iliyopita, mwezi wa nne, mvua ilikata barabara. Lodge yetu ilikuwa na Jioni ya Utamaduni kila Jumanne na Jumamosi, na vijana wa Kimasai waliokuwa wakija kucheza kutoka huko juu hifadhini wakakwama kwenye tope. Wageni arobaini walikuwa wameshaketi kuzunguka moto, kamera mkononi, wakisubiri utamaduni. Mama Sabina, wakati huo mpokea wageni wa kawaida, akakimbilia bustanini, akamkuta Mzee Barto anaosha karoti. Akamvika shuka mbili nyekundu. Kisha akaingia duka la zawadi na kuchagua kitu kilichokuwa na bei kubwa kuliko vyote, kwa hoja kwamba mzee mkubwa hawezi kuvaa kidogo: mkufu mpana wa shanga, wenye nyuzi ndefu zilizomfika magotini. Akamsukuma mbele ya moto na kumtambulisha kuwa ni Laigwanani Ole Barto, kiongozi wa mila anayeheshimiwa kote Ngorongoro.

Mzee Barto alipoambiwa awabariki wageni, alisali Baba Yetu kwa Kiiraqw, tangu mwanzo hadi amina, kwa sababu hakutaka kusema uongo mbele ya Mungu. Mama mmoja wa Ubelgiji alilia. Meneja akagundua kwamba mtunza bustani akivaa shuka hahitaji nauli wala posho, na wale vijana wa hifadhini wakaambiwa wasisumbuke tena hata barabara ikikauka. Mzee mwenyewe aliomba mara mbili aachwe na karoti zake. Mara zote mbili Mama Sabina alimbembeleza, akamwambia ni kwa msimu mmoja tu. Msimu ukawa miaka minane.

Kisha akatokea Nosim. Ni binti wa Wasso anayesoma sheria Dar es Salaam, na kwa miaka miwili alikuwa akiweka mtandaoni video zake kuhusu malambo yaliyokauka, chanjo za ng'ombe na habari za malisho kule Loliondo. Alikuwa na watazamaji mia tatu, nusu yao binamu zake. Siku moja mgeni aliyepita kwetu aliweka video ya Jioni ya Utamaduni, na video hiyo ikamfikia. Nosim alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akageuza simu kwake na kusema, "Jamani naomba msaada wenu. Huyu bibi harusi mwenye masharubu anaolewa na nani?"

Maana ule mkufu, kumbe, ni wa bibi harusi. Mama humvika binti yake siku anayotoka nyumbani kwenda kwa mumewe, na kila Mmasai anayejua kutembea anaujua. Sisi Wairaqw tumekaa jirani na Wamasai tangu enzi za kunyang'anyana mifugo. Rangi za ng'ombe wao tunazijua zote, lakini shanga za mabinti zao hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku mbili, watazamaji laki tisa. Siku ya tatu kicheko kikageuka hasira, maana mtu alichimba kurasa za lodge akakuta tumeandika "laigwanani halisi" mara sitini na nne. Ikaanzishwa alama ya reli: VuaShuka. Wachekeshaji wakavaa mikufu. Wanasheria wakatoa maoni. Mwanamke mmoja ambaye Mmasai pekee aliyewahi kumwona ni mlinzi wa benki aliandika aya saba kuhusu uchungu alionao. Mawakala wa Ulaya wanaotuletea wageni wakaandika kuuliza kama ni kweli, na mmoja akahamisha kundi zima la wageni wa Agosti.

Nosim mwenyewe alidai mambo mawili tu: lodge iseme nani alibuni jambo lile, na wale vijana waliofukuzwa warudishwe. Hakudai mzee afukuzwe. Hilo umma uliliongeza wenyewe, bure.

Rangi ikatangazwa kuwa nyekundu. Mama Sabina alikuwa amesubiri rangi hiyo miaka mitatu, na nakwambia siku ile alitembea kwa mwendo wa bibi harusi wa kweli. Bwana Julius, meneja wetu, aliitisha kikao kwenye ukumbi wa chakula. Aliniita na mimi kwa sababu ndiye ninayefua zile shuka, na akamwita Lekishon, mlinzi wa getini, kwa sababu ndiye Mmasai pekee tuliyekuwa naye.

"Lekishon," Bwana Julius alisema, "umekaa hapo getini miaka minane. Ule mkufu ulikuwa unauona?"

"Nilikuwa nauona, bosi."

"Na ulijua ni wa bibi harusi?"

"Hata mtoto anajua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, bosi. Tena mimi nilidhani ndiyo mila yenu nyie Wambulu. Siwezi kucheka mila ya mtu mbele yake. Nilikuwa nacheka nikifika kwangu."

Bwana Julius akameza hilo, akamtaka asimame mbele ya simu aseme kwamba yeye kama Mmasai hajawahi kukwazika. Lekishon akatikisa kichwa.

"Kukwazika sijakwazika. Lakini nikisema hivyo kwa simu, huko nyumbani wataniuliza kwa nini nilimwacha mzee wa watu avae vile miaka minane. Hapana, bosi. Niache getini."

Akaondoka na rungu lake. Hapo ndipo faili la kijani lilipofunguliwa ukurasa wa ishirini na saba, ambapo Mama Sabina mwenyewe, kwa mkono wake na kwa mafunzo ya siku mbili, alikuwa ameandika: Tenganisha taasisi na mtu. Bwana Julius aliisoma kwa sauti, akamsifu. Taasisi ilikuwa ni sisi. Ikabaki kumtafuta mtu.

"Yule mzee wa karoti," akasema.

Tamko liliandikwa palepale. Lilisema kwamba uchunguzi wa ndani umebaini kuwa mtumishi mmoja, Bwana Bartolomeo, aliudanganya uongozi kuhusu asili yake, na kwamba amesimamishwa kazi mara moja. Huo uchunguzi wa ndani nilikuwepo. Ulichukua muda wa kikombe cha chai na chapati moja. Kila aliyekuwa kwenye ile meza alijua nani alimvika mzee zile shanga, na kila mmoja alikuwa anatazama kitu kingine. Mdomo ninao, na kwa kawaida unanitangulia. Siku ile nilitazama chapati.

Mzee Barto akaitwa. Aliingia na buti zake zenye udongo, Mama Sabina akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapewa karatasi. Aliisoma polepole, akairudia.

"Kazi mnaninyima?" akauliza.

"Ni kwa muda tu, mzee," Bwana Julius akasema.

"Sawa. Karoti ninazo na nyumbani. Nifukuzeni, sina ugomvi. Ila hili neno mliloandika, kwamba nilidanganya, naomba mliondoe. Kule kigangoni nashika mali za watu. Wananipa kwa sababu hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Mkiliandika hili na jina langu, nitarudi Mbulumbulu kufanya nini?"

Hakupaza sauti, na ile sauti yake akiipaza madirisha yanajua. Alimgeukia Mama Sabina peke yake, kwa sababu wao wawili ndio waliokuwepo siku ya mvua. Na Mama Sabina, binti wa watu, mlezi mwema, mtu aliyenipelekea uji Wasso, akafungua kinywa na kikatoka kile alichokikariri.

"Tunasikitika, mzee, iwapo umejisikia vibaya."

"Sikujisikia, binti yangu," Mzee Barto akasema. "Nimefanyiwa."

Akaweka karatasi mezani akatoka. Ijumaa, saa tatu asubuhi, Mama Sabina alilitoa tamko kwenye kurasa zote za lodge, na neno lilikuwemo. Najua kwa nini. Binti yake alibakiza miezi kumi kumaliza shule, na vile vyumba viwili bado vilikuwa vinatazama mbingu. Namwelewa kabisa, na siku hiyo sikutaka kumwona.

Lazima nikiri kwamba mpango ulifanya kazi vizuri sana. Kufikia mchana umma ulikuwa umeisahau lodge na kumpata tapeli wa kumla. Wakatafuta picha za Mzee Barto, wakazikuta za harusi za watu, wakamchorea pembe. Mtu mmoja alidai aliwahi kuuziwa na yeye mbuzi mgonjwa, ingawa mtu huyo alikuwa Kigoma. Wakala wa Ulaya akaandika kupongeza uwazi wetu. Bwana Julius alitununulia soda wafanyakazi wote, na mimi yangu niliinywa, tena yote.

Jumapili nikaenda kwetu kusali. Padri hakuwepo, aliongoza katekista. Mzee Barto, ambaye kiti chake kiko mbele kwa miaka yote, nilimkuta benchi la mwisho karibu na mlango, wanapokaa wanaochelewa. Ibada ilipokwisha, vikapu vikapangwa nje kama kawaida, katekista akamwita aje anadi. Akatikisa kichwa. "Nadini nyie," akasema. Akasimamishwa Joseph, kijana wa kwaya, ambaye kwa hofu alimuuzia kuku mama yake mwenyewe.

Hakuna aliyemtukana mzee. Walimsalimia wote, wakamuuliza habari za mvua. Lakini Katarina, mjane mmoja wa kule bondeni, alikuja na mayai yake kwenye kanga, na kabla ya kumkabidhi Joseph akayahesabu kwa sauti mbele ya watu, moja hadi kumi na mbili. Akasema, "Mmeona wote." Watu wakaitikia kwamba wameona. Mzee Barto alikuwa mita tano kutoka pale, akitazama viatu vyake.

Sikurudi kwangu. Niliteremka moja kwa moja hadi Karatu kwa Mama Sabina. Nilimkuta ameketi kwenye rundo la matofali nje ya nyumba, simu mkononi, akafurahi kuniona.

"Mama Ema, karibu. Njoo uone," akasema. "Tangu jana imeshuka. Leo haituhusu kabisa."

"Katarina amehesabu mayai," nikasema.

Akanitazama. Amezaliwa kilima cha pili kutoka kwetu, sikuhitaji kumfafanulia.

"Mbele yake?"

"Mbele yake. Mpaka la kumi na mbili."

Akaweka simu chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima, mabaya yote, ya kwake na machache ya kwangu mwenyewe kuhusu chapati, lakini sikuyasema. Alikaa kwenye matofali yale bila kunikaribisha chai, na kwetu mtu asipokukaribisha chai ujue ameumia.

Jumatatu asubuhi, kwenye kurasa zilezile za lodge, Mama Sabina akaweka video ya uso wake. Hakuwa na faili. Alisema: "Mimi ndiye niliyemvika Mzee Bartolomeo. Yeye hakuwahi kusema ni Mmasai, nilisema mimi. Aliomba mara mbili aache, nikamkatalia. Shanga nilizichagua mimi dukani bila kumuuliza Mmasai yeyote, na mmoja alikuwa getini. Samahani, mzee. Samahanini na wale vijana tuliowafukuza."

Ilikaa hewani dakika kumi na moja. Bwana Julius akaifuta, akabadilisha namba za siri, na kabla ya chakula cha mchana lodge ikawa imetoa tamko la kumwachisha kazi Mama Sabina. Halikuwasumbua kuliandika. Walichukua lile la Ijumaa wakabadilisha jina.

Video alikuwa ameihifadhi, akamtumia Nosim. Binti yule, Mungu ambariki, aliiweka siku hiyohiyo kwenye ukurasa wake, ambao sasa ulikuwa na wafuasi laki mbili. Baada ya siku tatu akapiga simu. Nilikuwepo, Mama Sabina aliweka spika.

"Shikamoo mama," Nosim akasema. "Nimeiweka mara tatu. Haiendi."

"Imeonwa na wangapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Kwa nini haiendi?"

"Haichekeshi, mama. Halafu ukishaomba msamaha, watu wanakosa wa kumchukia. Mimi yule mzee sikumtaka hata siku moja. Niliwataka nyie."

"Mimi nimeshapatikana," Mama Sabina akamjibu.

Watu laki tisa walikuwa wamehama. Wiki hiyo nchi nzima ilikuwa inamjadili mwanamume mmoja aliyeibatiza pikipiki. Kwenye simu zao Mzee Barto alibaki tapeli mwenye masharubu, na mpaka leo ukiandika jina lake ndiyo hilo linalotangulia. Kwa hilo hakuna rangi iliyokuwa imeandaliwa, wala ukurasa.

Jumapili iliyofuata nilimwona Mama Sabina akishuka kwenye bodaboda mbele ya kigango chetu, amevaa kitenge chake cha misiba. Alimfuata katekista akaomba nafasi kwenye matangazo. Katekista, mtu wa taratibu, akamuuliza ni tangazo la nini.

"La kwangu," akasema.

Akampanga baada ya tangazo la pili la ndoa na kabla ya mbuzi aliyepotea. Ilipofika zamu yake alisimama mbele ya watu kama mia mbili, mtaalamu wetu wa mawasiliano, na hakujua mikono aiweke wapi. Alianza kwa Kiswahili cha ofisini, sentensi mbili, akakwama. Akaanza tena kwa Kiiraqw. Alieleza kila kitu, mvua, karoti, duka la zawadi, zile mara mbili mzee alizokataa, na lile neno la kwenye tamko, kwamba aliliandika akijua ni uongo kwa sababu aliogopa kukosa kazi. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyetoa simu.

Mzee mmoja wa upande wa wanaume akasimama. "Zile shanga ulizichagua wewe?"

"Mimi."

"Naye alikataa?"

"Alikataa, nikambembeleza."

"Haya," akasema mzee, akaketi. Katekista akakohoa, akasoma kwamba mbuzi aliyepotea ni wa kahawia na ana sikio moja lililochanika.

Tukatoka nje kwenye vikapu. Joseph alisogea mbele kunadi, uso umejaa huzuni ya mtu anayejua atamuuzia tena mama yake. Ndipo Katarina akampita. Alikwenda na kanga yake hadi alipokuwa amesimama Mzee Barto kando ya ukuta, akamkabidhi mayai mikononi bila kufungua fundo.

"Ni mangapi?" Mzee Barto akauliza.

"Mimi sijui," Katarina akasema. "Utayaona." Akaenda kukaa.

Mzee alisimama na ule mzigo kwa muda mrefu, mpaka mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa. Kisha akaja mbele. Sauti ya kwanza ilimkatika, akakohoa, ya pili ikatoka ile tunayoijua. Akataja bei ya kuanzia, akauliza nani anaanza. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Mama Sabina.

Watu wakageuka. Mzee Barto alimtazama, na mimi nikaogopa, maana kama angeruka mkono ule akauliza mwingine, hakuna mtu kigangoni ambaye angemlaumu.

"Huyu mama hana kazi," akatangaza. "Kwa hiyo bei asipunguziwe hata kidogo, asije akaenda kusema kwenye mitandao kwamba tumemhurumia."

Kigango kizima kikaangua kicheko. Mama Sabina naye akacheka, kisha akajifunika uso kwa ncha ya kitenge akalia, akiwa bado ameinua mkono ule mwingine, kwa sababu mtu wa nyuma alikuwa ameshaongeza bei na yeye mayai yale alikuwa anayataka. Mimi nililia wazi, nimeshika boga la mtu, na sikutazama pembeni.